Namna ya kutengeneza filamu kuhusu jirani yako bila kumuuza

Ukifika Obunga, hapa Kisumu, moshi wa kuni na harufu ya samaki hukupokea kabla hujaona mtu. Akina mama wameinamia makarai ya mafuta wakikaanga mgongo wazi: kichwa, uti wa mgongo na mkia wa mbuta, vilivyobaki baada ya kiwanda kutoa minofu yote na kuipakia kwenda ng'ambo. Jina lenyewe ni picha tosha. Ndiyo maana wenye kamera hawaishi kufika hapa. Hupiga moshi, hupiga mifupa, hupiga mtoto aliyekaa vumbini, kisha hupanda gari wakaenda zao. Akina mama hawa wamepigwa picha miaka na miaka, na wengi wao hawajaonyeshwa hata moja.

Mimi hutengeneza filamu fupi za hali halisi, mara nyingi bila mfadhili, na nyingi nimezitengenezea mitaa ya Kisumu. Nakuandikia wewe mwenye simu nzuri, rafiki mmoja au wawili, na jambo linalokunyima usingizi. Huenda ni hawa wakaanga samaki. Huenda ni waokota taka wa Gioto pale Nakuru, au Wanubi wa Kibos ambao nyumba zao zilibomolewa usiku Februari 2021, au wanawake wa fuoni ambao mvuvi hawauzii samaki mpaka walale naye, mambo yanayoitwa jaboya. Habari za kamera nitazipitia haraka kwa kuwa mafunzo yake yamejaa kila mahali. Nitakaa zaidi kwenye ridhaa, maana hapo ndipo nilipowahi kumuumiza mtu.

Anza na swali

Umaskini peke yake si hadithi. Ukisema "nataka kuonyesha maisha magumu ya Obunga", utarudi na picha zilezile za moshi. Tafuta swali ambalo jibu lake hulijui, liandike kwa sentensi moja, ulibandike ukutani. Langu lilikuwa hili: samaki amevuliwa ziwani kwetu, mbona kinachobaki Kisumu ni mfupa, na bei ya huo mfupa hupangwa na nani?

Kisha soma. Mbuta si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akazagaa kufikia miaka ya 1980, akawala fulu, wale samaki wadogo wa asili, na wengine, na viwanda vya minofu vikafuata. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa vipindi. Ukiyajua haya, hata maswali yako yatabadilika. Nilipomuuliza mama mmoja wa makamo, "Unajisikiaje kufanya kazi hii?" alinijibu, "Vizuri tu," akageuza samaki wake. Nilipomuuliza, "Mama, wakati ule Ulaya walipokataa samaki, mgongo mlikuwa mnautoa wapi?" aliweka mwiko chini, akakaa, akazungumza hadi mafuta yakaanza kuungua. Mtu akiona umejisumbua kuijua kazi yake, naye hujisumbua kukueleza.

Nenda mikono mitupu

Kamera ibaki nyumbani wiki mbili au tatu za kwanza. Si kwamba unapeleleza. Unajitambulisha, na watu nao wanakupima. Sema jina lako, unakotoka, na unachotaka, siku ya kwanza kabisa, ili asije mtu akasema baadaye ulijifanya mteja.

Wa kusalimiwa ni wengi. Kuna mzee wa mtaa, kuna wa nyumba kumi, kuna mwenyekiti wa chama cha akina mama. Ukiwa fuoni, Dunga au Usoma, usiguse chochote kabla ya kuonana na viongozi wa BMU, kamati inayosimamia ufuo. Chifu naye umjulishe. Lakini usiingie mtaani ukiongozana naye! Nimeona watu wakikubali kurekodiwa kwa sababu tu chifu amesimama pale, na kukubali kwa aina hiyo hakuna thamani. Mjulishe ofisini kwake, umshukuru, kisha uende kwa watu peke yako.

Kama hujui Dholuo, tafuta dada au mama wa mtaa uleule atembee nawe. Mhesabu kama mmoja wa kikosi: mlipe, na jina lake liingie kwenye orodha ya watengenezaji mwishoni mwa filamu. Yeye ndiye atakayekunong'oneza kwamba yule anayecheka sana amefiwa mwezi uliopita, hivyo usimwulize habari za mume.

Siku ya pili niliyokaa Obunga, mama mmoja aliniuliza bila kuniangalia, "Nyathina (yaani mwanangu), wenzako walikuja na kamera kubwa kuliko yako, wakasema tutaletewa friji. Iko wapi?" Wengine walinyamaza wasikie nitasema nini. Nikamwambia, "Mama, mimi sina friji, wala simjui mtu wa kuileta. Nina filamu, na nitakuletea uione kabla ya mtu mwingine yeyote." Alinyamaza kidogo, akanisogezea kigoda. Swali hilo utaulizwa pia, kwa maneno hayo au mengine. Andaa jibu la kweli, na usiahidi mradi, karo, wala mzungu.

Wiki hizo ndizo zitakazokuonyesha kazi yenyewe. Utajua mgongo unafika saa ngapi, unaoshwa vipi, unaanikwa kwenye uchaga kwa muda gani kabla ya kukaangwa. Utaona mambo ambayo mtu wa siku moja hawezi kuyaona. Yule mama aliyenisogezea kigoda hakuwa na kipimo cha joto la mafuta. Alikuwa akikata kipande cha ngozi ya samaki, kidogo kama ukucha, anakitupa kwenye karai na kuinamisha kichwa asikilize. Kikilia polepole, anasukuma kuni ndani. Kikilia kwa kasi, anashusha samaki, kwa sababu mafuta yasipokuwa tayari uti wa mgongo hulainika na kukatika, na uliokatika haununuliwi bei moja na mzima. Huo ni ustadi wa miaka. Nilirudi nyumbani nikijua filamu yangu inaanzia kwenye lile sikio lililoinamishwa, na moshi nikauacha.

Ridhaa ni mara nne

Hapa nitakaa.

Filamu yangu ya kwanza kabisa niliipigia mtaa mwingine wa hapa Kisumu. Mama mmoja aliniambia mbele ya kamera, kwa ukarimu wake, kwamba ana deni la chama na hajui atalilipaje. Alikuwa ametia sahihi kwenye karatasi yangu. Nilikuwa na haki zote, au ndivyo nilivyofikiri. Nikaonyesha filamu kwenye ukumbi wa kanisa, na wanachama wenzake walikuwa wameketi safu ya tatu. Aliinuka kabla ya mwisho, akatoka. Kesho yake nilipokwenda kwake alinikaribisha chai, hakunigombeza, akasema tu, "Nilikuambia wewe. Sikuwaambia wao." Nilikata sehemu ile usiku huohuo, lakini watu walikuwa wameshasikia, na maneno hayakatiki.

Tangu hapo naomba ridhaa mara nne: kabla ya kurekodi, wakati wa kurekodi, baada ya kuhariri, na kabla ya filamu kwenda mbele ya watu wapya.

Ya kwanza, eleza. Usiseme "utaonekana dunia nzima" kana kwamba ni zawadi. Toa simu, mfungulie video yoyote ya YouTube, mwonyeshe maoni yaliyo chini yake, mazuri na ya matusi. Mwambie, "Mama, mwenye nyumba wako anaweza kuiona hii. Mume mliyeachana naye anaweza kuiona. Mwanao akiwa mkubwa anaweza kuiona." Mpe siku mbili afikirie. Kama hasomi, usimsomee karatasi ya Kiingereza akaweka kidole. Mwelezeni kwa lugha yake, naye aseme kwa sauti yake amekubali nini na amekataa nini, mkirekodi. Ridhaa ya sauti ya Dholuo ina uzito kuliko sahihi asiyoielewa mtia sahihi.

Fahamu pia kwamba sheria inakutazama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari zinazomtambulisha mtu kuwa mali ya kulindwa, na sura na sauti zimo. Kifungu cha 32 kinampa haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa mtoto, tena kwa njia inayolinda haki na maslahi ya mtoto huyo. Kuna nafasi iliyoachiwa kazi za uandishi wa habari na sanaa, lakini usijifiche nyuma yake. Mtu akikuambia ameghairi, fanya kama umesikia.

Ya pili ni ya papo hapo. Mkubaliane neno au ishara. Yule mama wa Obunga alikuwa akiinua kiganja tu, nami nazima, bila kuuliza kwa nini. Siku aliyokuja mtu kumdai aliinua kiganja, nikaiweka simu chini ikiangalia mchanga. Ukipoteza picha nzuri kwa namna hiyo, kubali imepotea.

Ya tatu ni siku unapomletea filamu iliyohaririwa lakini haijafungwa. Nitairudia mbele.

Ya nne husahaulika sana. Mtu aliyekubali filamu ionyeshwe Kisumu hajakubali iwekwe kwenye intaneti, na aliyekubali mwaka huu huenda mwakani ameolewa, ameokoka au ameajiriwa. Mpigie simu kila unapoipeleka mahali papya.

Kwa wale ambao kutambuliwa ni hatari, kama wanawake wanaosimulia jaboya, kuficha uso hakutoshi. Mtu hutambuliwa kwa leso, kwa bangili, kwa rangi ya mlango, kwa kukohoa. Mkalishe mahali pasipo pake, mwanga uwe nyuma yake abaki kivuli, na mavazi yawe ya kuazima. Sauti usiipandishe au kuishusha tu kwa programu, kwa sababu mtu mwenye ujuzi anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Afadhali mtu mwingine asome maneno yake, na uwaambie watazamaji kwamba sauti si yake. Zima huduma ya kuonyesha mahali kwenye simu yako, maana faili za simu hubeba alama ya ulipokuwa. Na sare ya shule ya mtoto ni anwani ya mtoto, hivyo usiipige.

Pesa

Watu wataniuliza: je, walipwe? Wapo watengenezaji wazuri wanaokataa kabisa, wakisema pesa hununua maneno. Mimi naona hivi: mama aliyeacha karai lake saa tatu ili azungumze nawe amepoteza mauzo ya saa tatu, na wewe ndiye uliyempotezea. Fidia muda, na usinunue maneno. Kiasi kikubaliwe mapema, kiwe sawa kwa wote, na kitolewe hata kama alichosema hukukipenda au hutakitumia. Liandike jambo hilo kwenye bajeti, juu ya nauli na chakula. Filamu ikija kupata zawadi au kununuliwa, mgao wa wahusika uwe umeshaandikwa siku mlipoanza, ukiwa bado huna kitu na akili yako imetulia.

Vibali

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni ya kurekodi filamu itakayoonyeshwa hadharani au kuuzwa, na filamu ikikamilika inapitishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, ambayo huipa daraja: GE kwa watu wote, PG, 16 au 18. Weka muda na ada zake kwenye mpango wako tangu mwanzo. Usingoje umetangaza siku ya onyesho. Kama jambo lako linagusa watu ambao jamii haitaki hata kuwataja, jua kwamba bodi hiyo inaweza kuifungia filamu kabisa, kama ilivyoifungia I Am Samuel, filamu ya hali halisi kuhusu mapenzi ya wanaume wawili, Septemba 2021. Wahusika wako waambiwe hilo pia kabla hawajasema ndiyo.

Droni ina sheria zake za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Obunga si mbali na uwanja wa ndege. Mimi situmii. Ukimpiga mtu kutoka juu, humwoni uso, unaona paa lake la mabati lenye kutu tu.

Kitambulisho chako na nakala ya leseni vikae mfukoni kila siku. Askari wa kaunti akikusimamisha sokoni Kibuye, zungumza naye kwa adabu, simu ikiwa imezimwa.

Vifaa

Simu inayorekodi vizuri, maiki ndogo ya kubana nguoni, spika za masikioni za kusikilizia, stendi ya miguu mitatu, betri ya akiba. Pesa zikiwa chache, nunua maiki kwanza, maana mtazamaji huvumilia picha hafifu lakini sauti mbaya humfukuza. Rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde: umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na ukitumia 30 taa za ndani zinaweza kupepesa kwenye picha. Video ya 1080p hula takriban megabaiti 60 hadi 130 kwa dakika, hivyo kadi ya gigabaiti 64 inakutosha siku nzima. Kila jioni toa nakala tatu, na moja ikalale nyumba nyingine. Moto na wezi havibishi hodi.

Siku ya kupiga

Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Saa sita jua liko utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Piga kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, kisha kuanzia saa kumi jioni hadi giza. Bahati nzuri ndizo saa za kazi yenyewe, maana samaki hupokelewa asubuhi na wateja hufika jioni. Katikati ya mchana ingieni kibandani mzungumze, mlango ukiwa wazi, yeye akiuelekea mwanga na wewe ukiupa mgongo. Simu ikijipangia mwanga yenyewe huangalia ukuta mweupe au anga, uso mweusi ukazama. Gusa uso kwenye kioo cha simu, ufunge mwanga hapo.

Piga mikono kabla ya nyuso. Kaa kwenye tendo moja hadi liishe: samaki anashikwa, anapanguswa, anashushwa, mafuta yanapiga kelele, anageuzwa, anainuliwa, anachuruzishwa. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kuisogeza kamera. Kijana anayeanza huzungusha simu kama anayetafuta mtandao, na akifika kwenye kuhariri hana hata tukio moja lililokamilika. Ukae mbali na karai! Mafuta ya moto, waya zako na watoto wanaozunguka kamera ni hatari ya kweli. Mtu mmoja kwenye kikosi awe na kazi ya kuangalia usalama tu.

Sauti ya mahali irekodi peke yake, dakika moja nzima, kila mahali unapopiga: mafuta, redio ya jirani, honda zikipita, jogoo. Ndiyo itakayoficha viraka vyako baadaye. Upepo wa ziwa ukiamka mchana, funga maiki kwa kipande cha kitambaa laini. Mvua ya jioni ikigonga mabati, acheni mazungumzo, rekodi mvua.

Kwenye mahojiano, ulizia vitu. "Nionyeshe daftari la madeni." "Karai hili ulinunua lini?" "Nani alikufundisha kusikiliza mafuta?" Mtu akilia, usimsogelee kwa kamera. Mimi huiweka chini. Akisema endelea, ninaendelea.

Na mpe kamera, asubuhi moja tu, apige anachotaka. Katika filamu ya Thank You for the Rain ya 2017, Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani, alirekodi mwenyewe familia yake na shamba lake, na anaitazama nyumba yake kwa jicho ambalo mgeni hana. Yule mama wangu nilidhani atapiga kazi. Alimpiga binti yake akisuka nywele, dakika kumi na moja bila kukata, wakibishana kwa Dholuo kuhusu sherehe ya harusi. Dakika mbili kati ya hizo ndizo watu huniuliza habari zake hadi leo, maana ndipo wanapomjua kama mama, si kama mkaangaji tu.

Usiondoke bila kuutafuta upande wa pili wa swali. Aliyepanga bei ana jina na ofisi. Andika barua, omba mahojiano, weka nakala. Akikataa, filamu iseme alikataa. Lakini kabla ya kufanya hivyo, wakutanishe akina mama uwaulize: je, kiwanda kikikasirika, kesho mtanunua wapi? Wangu walijadiliana nusu saa, wakaamua tusitaje kiwanda chochote, tueleze tu namna bei inavyopangwa. Nilitaka kutaja. Sikutaja, kwa kuwa atakayefungiwa geti si mimi.

Kuhariri

Andika mazungumzo yote, neno kwa neno, pamoja na dakika zake. Ni kazi ya kuchosha, na haina njia ya mkato kwa Dholuo. Tafsiri ya maandishi ya chini ya picha ipitiwe na mtu mwingine aliyezaliwa na lugha hiyo, tena bila wewe kuwepo. Mara moja mtafsiri aliandika "tunateseka" mahali mama aliposema neno linalokaribia "tunahangaika nayo". Kuteseka ni kukaa ukipigwa, kuhangaika ni kutafuta. Kosa kama hilo humgeuza mtu kuwa mwingine kabisa.

DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina toleo la bure linalotosha. Muziki wa huzuni uuache. Ukiona tukio halisimami bila kinanda, tukio lenyewe ni dhaifu, litoe. Toa pia msimulizi anayewasemea watu wanaojua kujisemea. Lenga dakika 10 hadi 20. Filamu fupi hupata nafasi nyingi zaidi, na akina mama wanaweza kuitazama yote bila kuacha kazi.

Onyesho la kwanza ni nyumbani kwake

Filamu ikiwa tayari lakini bado inaweza kukatwa, ipeleke kwa wahusika. Si ukumbini. Sebuleni, kwenye kompyuta ndogo, mmoja mmoja, wakati hakuna wageni. Kaa mahali unapouona uso wake na usiseme kitu. Ikiisha, uliza: "Kuna mahali ambapo hungependa fulani apaone?" Ulizo hilo hufungua mambo kuliko "umeipenda?" Yule mama wa Obunga aliniomba nitoe kitu kimoja tu: sekunde nne ambapo kilemba chake kilikuwa kimelegea. Nilitoa.

Baada ya hapo ndipo mtaa. Kodi projekta, tundika shuka jeupe ukutani, epuka siku ya mechi kubwa na epuka Jumapili ya soko Kibuye. Jenereta iwe karibu, stima ikipotea isiwe mwisho wa usiku. Waachie wahusika nafasi ya kuzungumza baada ya filamu, wao wakiwa mbele na wewe nyuma.

Tamasha zije baadaye. Tuzo za Kalasha husimamiwa na Tume ya Filamu Kenya. Tamasha la Zanzibar limekuwepo tangu 1998. Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na Judy Kibinge, husaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki. Maombi mengi hupitia tovuti ya FilmFreeway, na ukiandika kwa heshima kuomba kusamehewa ada, wapo wanaokubali. Usiiweke filamu kwenye YouTube kabla ya kusoma masharti, kwa sababu tamasha nyingine hazipokei iliyokwisha kuonekana.

Nakala wape wahusika kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, maana wengi wataitazama hapo. Na faili za mradi usizifute, hata diski ikijaa. Mwaka jana, kabla ya kuipeleka filamu mji mwingine, nilimpigia mama mmoja kama kawaida. Akasema, "Onyesha, lakini lile jina la mtaa mlilolitaja mwanzoni litoe. Nimehamia hapo sasa, na kuna mtu sitaki anipate." Nilifungua mradi usiku ule, nikalitoa, nikamtumia kipande kile kwa WhatsApp aone. Alinijibu asubuhi: "Sawa. Sasa peleka."